Mwacheni Jabez Coppock Atengeneze Mapipa

Tamsford, kando ya mto Delaware
Jumamosi, tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi, 1760

Kwa Gideon Pell, Karani wa Baraza la Mji

Rafiki Gideon,

Ningekuita Mheshimiwa, kama wanavyokuita wengine wakiwa na shida, lakini wajua sisi wa dhehebu linaloitwa Marafiki hatuna waheshimiwa, tuna watu tu. Tena wewe nilikushika miguu, kichwa chini, nikakupiga makalioni ili ulie, asubuhi ile ya barafu daraja lilipochukuliwa na mto. Ulilia vizuri. Tangu siku hiyo nakuita Gideon, na umri huu sibadilishi.

Mimi sikusoma. Nyumbani kwetu vitabu vilikuwa viwili na watoto kumi na mmoja, na ikifika zamu yangu ya kitabu kulikuwa na mtoto wa kubembeleza. Kwa hiyo barua hii inaandikwa na mtu wa nyumbani, ambaye hataki jina lake litajwe. Nimempa sharti moja tu: aandike ninavyosema, asipunguze wala asipambe. Ukiona mahali wino umedondoka, ujue hapo alibisha.

Shauri lenyewe ni hili. Jumanne iliyopita ninyi wakubwa mlikaa kwenye ukumbi wenu, mkala bata, mkamchagua mjukuu wangu Jabez Coppock, fundi mapipa wa Mtaa wa Chini, awe meya wa mji huu kwa mwaka mzima. Hamkumwuliza. Mngemwuliza angewaambia hapana, ndiyo maana hamkumwuliza. Na sasa sheria yenu inataka ile hati ya uchaguzi itiwe mkononi mwake mwenyewe, si kwa mkewe, si chini ya mlango, si juu ya kiti. Isipomfikia mkononi kabla ya Jumanne ijayo saa sita mchana, mtamchagua mwingine, na huyo mwingine hata kuku wanamjua: Lemuel Strode, mwenye mashimo ya kulowekea ngozi kule upande wa juu wa kijito.

Basi ninakuletea malalamiko yangu, nikiliomba Baraza kwa unyenyekevu limwache mjukuu wangu. Hafai. Mimi nimemlea, ninajua asivyofaa kuliko mtu yeyote, na ninayaweka hapa kwa hesabu ili mtu asije akasema bibi kizee alibwabwaja.

Lalamiko la kwanza. Huyu mtu alizaliwa vibaya. Watoto wenye adabu hutanguliza kichwa. Yeye alitanguliza mkono. Binti yangu Ruth alikuwa na uchungu tangu jana yake, nikainama kutazama, nikaona mkono mdogo mwekundu, umefunguka vidole vyote vitano, kama mtu anayetaka kusalimiwa mlangoni. Nikausalimia. Nifanye nini? Kisha nikaurudisha ndani taratibu, nikamgeuza, akatoka kwa njia ya watu. Ruth alikaa naye siku tisa, halafu akafariki akatuachia.

Ninayasema haya kwa sababu ile tabia haijamwisha. Mpaka leo, ana miaka arobaini na mitatu na tumbo la kumtosha, Jabez hutoa mkono kabla ya kutazama anayempa ni nani. Hajawahi kuunyima mkono wa mtu mkono wake. Mwaka juzi mwizi wa farasi alipitishwa sokoni amefungwa kamba, watu wanamzomea, Jabez akatoka kwenye karakana yake akamshika mkono akamwuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Ikabidi msafara mzima wa askari usimame mbele ya nyumba yangu wakati mwizi anakunywa supu yangu ya mbaazi, na askari nao wakaona haya kutazama tu, wakanywa. Sufuria nzima. Meya wa namna hiyo atawatia hasara ya supu.

Lalamiko la pili. Hawezi kusema uongo, hata ule mdogo wa kumpendeza mtu. Meya mliyenaye sasa alipomaliza ile hotuba yake ya kufungua soko, watu wote walimwambia imetugusa sana. Akamwuliza Jabez. Jabez akamwambia mwanzo ulikuwa mzuri, na kama angeishia hapo pia ungekuwa mwisho mzuri.

Na dukani kwake ni hivyo hivyo. Mkulima kaja kutoka ng'ambo, kapenda pipa, kalipapasa, kalibeba begani tayari. Jabez anamfuata nje anamwambia hilo linavuja, chukua lile. Mkewe, Hannah, alikuwa dirishani, akaja kwangu analia kwa kucheka. Mtu anaweza kuendesha duka hivyo, maana yule mkulima alirudi na kaka zake wanne wakayamaliza mapipa yote. Lakini mji hauendeshwi hivyo. Nimeishi hapa miaka themanini na sita na sijauona ukiendeshwa hivyo hata siku moja.

Lalamiko la tatu, linahusu siasa. Mtasema ana uzoefu, maana mtaa wetu ulimpeleka kwenye Bunge la jimbo kwa mwaka mmoja. Nitawaambia alichofanya huko. Alikaa. Wengine walisema kuhusu mipaka na magavana na mfalme, siku nzima, na yeye akakaa na kofia yake kichwani. Mwezi wa sita, siku ya joto, mzee mmoja wa upande wa kaunti za juu alianza kuwa mweupe kwenye kiti chake. Ndipo Jabez akainuka, Bunge zima likageuka kumsikiliza maana walikuwa wamengoja miezi minane, akasema dirisha lifunguliwe. Likapigiwa kura, likapita bila mpinzani. Wanasema ndilo jambo pekee lililopita bila mpinzani mwaka ule.

Akarudi nyumbani, nikamwuliza Bunge likoje. Akasema lina joto.

Mwandishi wangu hapa anasema alizungumza mara mbili. Mara ya pili alikuwa anauliza kofia yake iko wapi. Haihesabiki.

Lalamiko la nne. Hana akili ya kujipenda. Mnaikumbuka ile siku ya moto, mwaka ghala la kitani lilipowaka gatini. Kila mtu alitupa ndoo zake za ngozi barabarani kama sheria inavyotaka, mistari miwili ikapangwa kutoka mtoni, ndoo zilizojaa zinapanda, ndoo tupu zinashuka. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa ndoo tupu, pamoja na wajane. Cheche zikaruka upande wa kushoto zikaangukia karakana ya Jabez, zikaruka upande wa kulia zikaangukia ghala la Lemuel Strode. Mtu mwenye akili angekwenda kushoto.

Jabez alikwenda kulia. Kwa sababu kwenye ghala la Lemuel mlikuwa na mtumishi mmoja, msichana wa Kijerumani, amejifungia juu kwa hofu, na mlango ulikuwa umebanwa na bawaba ya chuma iliyokwisha kuiva kwa moto. Akaishika kwa kiganja chake cha kulia akaing'oa. Msichana akatoka. Karakana ikateketea yote, mapipa tisini, na vyombo vya kazi vya baba yake ndani.

Mimi nilikifunga kile kiganja kwa kitambaa changu cha meza, kile kizuri, nilichopewa nilipoolewa. Hakijawahi kutakata tena. Lemuel alikuja kesho yake na jibini nzima kushukuru, na mwezi uliofuata akaanza kuchimba mashimo yake mapya ya ngozi hapo juu ya kijito tunachokinywea. Jabez alikuwa bado anaila jibini ile. Aliila akaimaliza. Nikamwambia ungeacha hata kipande uweke mkononi kama ushahidi wa shukrani yake.

Lalamiko la tano ndilo hilo la kijito, na hapa ninaomba msome polepole.

Mlipomfanya diwani, tulidhani atakuwa akija kwenu, anakaa kimya, anarudi. Huko Bungeni alikuwa amepata mazoezi. Lakini mwaka huu, majira ya joto, maji ya Mtaa wa Chini yalitoka ya rangi ya chai, na yananuka magome na nywele za ng'ombe. Watoto wakaanza kuharisha. Mimi nilitembea nyumba hadi nyumba na uji wangu wa shayiri mpaka goti hili la kushoto likakataa kabisa. Wengi walipona. Na katika mwezi huo wa saba, Jabez, ambaye tangu ujana wake hajatengeneza kitu ila mapipa, alitengeneza visanduku viwili ambavyo si mapipa. Vifupi. Hakuwaambia wazazi bei, akavibeba mwenyewe hadi makaburini, kimoja kila kwapa.

Juma lililofuata alikuja kwenye Baraza lenu na gilasi ya maji aliyoteka kwenye kijito, chini kidogo ya mashimo ya Lemuel. Wewe ulikuwepo, Gideon, ndiye uliyekuwa ukiandika. Lemuel alikuwa katikati ya maelezo kwamba maji yanayokimbia hujisafisha yenyewe, amesoma mahali. Jabez akaiweka gilasi mbele yake juu ya meza.

"Kunywa, rafiki," akamwambia. "Ni maji yako."

Hakunywa. Na mkalisukuma lile shauri hadi uchaguzi wa mwezi wa kumi, eti meya mpya ataliamua. Haya, mwezi wa kumi huu hapa.

Sasa niulizeni, kuna adabu gani ya kumwekea mtu mzima maji machafu mbele ya wenzake? Mtu wa kuwa meya hujua kuzungumza na wenye mali kwa upole, pembeni, juu ya gilasi ya divai. Jabez hajui pembeni ni wapi. Ndiyo, mwandishi, andika. Hajui pembeni ni wapi.

La sita. Hana moyo wa kuhukumu, na meya ndiye hakimu wenu. Hili ndilo lililomfanya asionekane tangu Jumanne, nami sitalificha.

Majira ya baridi yaliyopita, meya alipokuwa na homa, Jabez alikaa kwenye kiti chake siku moja tu, kama diwani wa zamu. Wakamletea mwanamke aliyeiba mkate. Mkate mmoja na nusu, ule nusu alikuwa ameshaula. Sheria inasema mkatale, miguu ibanwe kati ya mbao, kwa muda wa saa tatu, sokoni, hata kama ni mwezi wa kwanza. Wenzake wakamtazama. Sheria ni sheria, akaitamka. Alizungumza kwa sauti ndogo mpaka mkamwambia arudie, akarudia.

Halafu akavua koti lake, akaenda sokoni, akamfunika yule mwanamke, akaketi chini kwenye theluji karibu na mkatale saa zote tatu. Watu walipita wakamcheka. Obadia Finch, tarishi wenu, alimwambia, "Ondoka hapo, Jabez, unaiaibisha mahakama." Jabez akamwambia ndiyo, anajua.

Aliumwa mapafu majuma mawili. Siku moja ninamkanda kifua kwa mafuta ya bata akaniambia sauti ile haikuwa yake. Sauti gani? Ile aliyotamkia hukumu. Nikamwambia nyamaza, pumua.

Kwa hiyo mnamwona. Mtu anayeugua kwa sababu ya kumwadhibu mwizi wa mkate, mtampa kiti, na fimbo, na mkatale, na mti wa kuchapia viboko, mwaka mzima? Mwekeni Lemuel. Lemuel hatapata kikohozi.

La saba, au la nane, mwandishi ndiye anayehesabu. Desturi yenu ni kwamba meya anapomaliza mwaka huwaandalia karamu madiwani wote, kasa mzima kutoka visiwa vya kusini na bakuli la pombe linalotosha kuogeshea mtoto. Nyumba ya Jabez ina viti sita. Kimoja kina mguu mfupi na ndicho anachopewa mgeni kwa sababu sisi wengine tumeshaanguka. Mnataka kuja watu kumi na wanane. Kasa mtamweka wapi? Nimemwuliza Hannah, amesema kwenye kitanda cha watoto.

La mwisho, na hili ni langu binafsi, wala sioni haya. Huyu mtu ananikatia kuni. Kila asubuhi kabla hajafungua karakana hupita kwangu, anakata kuni, anachota maji kwenye pampu ya mtaa wa juu, safari mbili, kwa kuwa hataki ninywe ya kijito, anakula mkate wangu na siagi ya tofaa, ananiambia nimetia mdalasini mwingi, anaondoka. Mkimfanya meya mtampa kazi kila asubuhi. Nani atakuja kuniambia nimetia mdalasini mwingi? Mimi nina miaka themanini na sita. Sihesabu asubuhi zilizobaki, lakini najua si pipa zima.

Hapa mwandishi ameweka kalamu chini, amekwenda kutazama nje. Nimemngoja. Amerudi.

Kwa sababu hizo zote, ninaliomba Baraza limfute Jabez Coppock kwenye orodha, hati yake ichanwe, na yeye aachwe atengeneze mapipa. Na kama mnaona hamna mtu mwingine ila Lemuel, mimi nina pendekezo, nililifikiria nikiwa ninakanda unga. Ifanyeni meya pampu ya mtaa wa juu. Iko kazini tangu alfajiri. Haijawahi kusema uongo. Kila apitaye huishika mkono, mwizi na diwani, nayo huwapa wote sawasawa, wala haimwulizi mtu anasali wapi. Haiendi karamu. Ikikatika mkono, Jabez ataitengenezea mwingine. Sioni tofauti kubwa na tunachokitaka, ila haina kofia.

Kuhusu mahali Jabez alipo, Obadia amekuja kwangu na ile hati mara kumi na moja tangu Jumanne. Anabisha mlango wa mbele, anauliza, "Bibi Tabitha, umemwona mjukuu wako?" Mara ya kumi na moja nilimwambia, "Obadia, mwanangu, mimi sisemi uongo na wewe huwezi kunyamaza, kwa hiyo tuzungumze habari ya goti lako." Tukazungumza. Linavimba akipanda ngazi. Nimempa majani ya kabichi alifunge. Alikaa muda mrefu, akala maandazi ya boga sita, akaondoka na hati yake mfukoni.

Nimemaliza. Msalimie mkeo Prudence, umwambie yule mdogo anayetoa meno apewe ganda la mkate lililokauka, si ile dawa ya duka. Wasalimie madiwani wote. Walio chini ya miaka hamsini uwaambie nimewashika wote miguu juu, na sikumwangusha hata mmoja, ingawa kuna siku ninawaza. Msalimie na Lemuel pia. Yeye nilimpokea Ijumaa, alikuwa mkubwa, alimpa mama yake shida nyingi. Simchukii. Mtu hawezi kumchukia mtu aliyemfuta pua kwa mara ya kwanza. Lakini simpi maji yangu.

Ninabaki rafiki yako wa kweli, mwenye miguu mibovu na kichwa kizima, nisiyejua kuandika jina langu. Alama hii ya duara ni yangu, na katikati ni tone la siagi, samahani,

Tabitha Oakley, mkunga wa Mtaa wa Chini

Nyongeza.

Gideon, mwandiko umebadilika, umeona. Huyu anayeandika sasa ni Dorcas Hume, mjane, mtengeneza mishumaa, nami nimeketi dukani kwake na mguu wangu juu ya sanduku. Nilimwambia yule wa nyumbani kwamba lakiri ya kufungia barua imekwisha, inabidi nije kwa Dorcas. Na imekwisha kweli. Niliiyeyusha yote asubuhi kuzibia mitungi ya matofaa.

Yule mwandishi wa mwanzo ni Jabez. Labda umeshautambua mkono wake, ule mkia mrefu anaoweka kwenye herufi kama kamba ya ndoo. Yuko jikoni kwangu tangu Jumanne jioni, nyuma ya pipa la unga alilolitengeneza mwenyewe. Soma huko juu, hakuna mahali niliposema hayupo. Ameyaandika yote yale kwa mkono wake, mabaya yake moja baada ya jingine, kwa uaminifu, hakupunguza hata neno, kwa kuwa nilimwekea sharti. Alibisha mara moja tu, kuhusu Bunge. Umewahi kuona mtu mwingine wa kuandika hivyo dhidi yake mwenyewe bila kujipendelea? Mimi sijawahi. Basi mlinganishe na mnaowajua.

Jumatano nilimwambia wazi atoke akapokee hati yake. Alikuwa anakanda unga. Akasema, "Bibi, mimi sitaki kuwa mtu wa kuamuru watu wapigwe."

Nikamwambia, "Ndiyo maana, mwanangu."

Aliukanda ule unga mpaka ukawa mgumu, mkate wa Alhamisi haukulika. Nami sina muda wa kungoja akubali. Mtaa wa Chini una watoto arobaini na mmoja. Nimewapokea wote walipozaliwa, ila wawili waliokuja nikiwa na homa. Lemuel akiketi kwenye kile kiti Jumanne, mashimo yanabaki, na majira ya joto yajayo Jabez atatengeneza visanduku vingine. Itamwumiza kuliko kuhukumu. Hilo yeye halioni, yuko nyuma ya pipa.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Jumatatu saa nne asubuhi, sisi wazee tusioweza kutembea hadi jumba la mikutano tunakaa sebuleni kwangu kumngoja Mungu kimya, kama desturi yetu. Tuko watano, na Dorcas huwatazama wasilale. Jabez atatoka jikoni aketi nasi, hawezi kukosa, na akifumba macho huyafumba kweli. Obadia aje kwa mlango wa nyuma, utakuwa wazi. Avue viatu. Mbwa wake abaki nyumbani. Aketi kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, nimekileta kwangu, upande wa kulia wa Jabez, akae wima asije akaanguka, na afunge domo lake saa nzima. Najua ni ngumu, mwambie nimetengeneza maandazi mengine.

Saa ikitimia mimi nitampa mkono jirani yangu, na huyo atampa jirani wa kwake, kama tunavyomaliza siku zote. Jabez atageuka kulia akiwa bado hajafumbua macho vizuri, atatoa mkono. Obadia aweke hati humo. Hataurudisha nyuma. Hajawahi.

Atakasirika. Msihofu, ni mimi atakayenikasirikia, na amenikasirikia tangu ana miaka minne na bado anakuja kula. Kuni nitakatiwa na Obadia, hilo goti litapona kwa kuinama.

Jambo moja tu mwambie Obadia, usisahau. Akimpa ile karatasi asimkamue vidole kwa furaha, ana mikono kama koleo. Ni kile kiganja cha kulia, chenye kovu, bado kinamwuma siku za baridi. Tena ule mkono mimi niliuona kabla sijamwona yeye. Aushike taratibu, kama nilivyoushika mimi.